Fidia kwa Wafanyakazi: Wajibu wa Mwenye Biashara Ndogo

Nakala ya mazungumzo na wakazi wa kata kuhusu usajili katika Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi



Mazungumzo ya leo yanawahusu watu ambao mara nyingi hawajihesabu kuwa ni waajiri. Yupo mwenye karakana ya useremala mwenye vijana watatu. Yupo mama mwenye mgahawa aliye na wasichana wawili wa jikoni. Yupo mwenye mashine ya kukoboa na kusaga aliyemwachia kijana mmoja kazi yote. Yupo fundi mkuu wa ujenzi anayechukua saidia fundi kumi kwa kazi ya miezi miwili. Kila mmoja wao akiulizwa shughuli yake atajibu kwamba yeye ni fundi, au ni mama lishe, au ni mfanyabiashara. Neno "mwajiri" huwaachia wenye viwanda, mabenki na makampuni ya madini.

Sheria haikuligawa neno hilo hivyo. Mbele ya sheria, mtu anayemlipa mwenzake ujira ili amfanyie kazi chini ya maelekezo yake ni mwajiri, hata kama mfanyakazi wake ni mmoja, hata kama karakana yenyewe ni banda la mabati lililo nyuma ya nyumba. Na kwa kuwa ni mwajiri, anao wajibu ambao wengi katika kata hawajautimiza, baadhi kwa kutojua na baadhi kwa kuogopa gharama. Wajibu huo ni kujisajili katika Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, ambao wengi huufahamu kwa kifupi cha WCF.

Desturi ya kumalizana

Kabla ya kuzungumzia fomu na viwango, inafaa kutazama kwanza jinsi mambo yanavyokwenda pale ambapo usajili haupo. Mfano ufuatao haumhusu mtu fulani. Umetungwa kwa kufuata mambo ambayo kila mtu katika kata ameyaona au ameyasikia.

Kijana wa karakana, fundi mzuri wa milango na vitanda, anateleza mkono kwenye mashine ya kuranda na kupoteza vidole viwili vya mkono wa kulia. Mwenye karakana si mtu mbaya. Anaacha kila kitu, anamkimbiza kijana hospitali kwa bajaji, analipia kushonwa na dawa, na jioni anakwenda nyumbani kwake kumpa pole mkewe. Mwezi wa kwanza anamlipa mshahara wote. Mwezi wa pili anamlipa nusu, kwa sababu fundi wa kushika nafasi ile naye anadai ujira wake. Mwezi wa tatu karakana imepungukiwa kazi, mbao zimepanda bei, na kodi ya banda imefika. Mwenye karakana anaanza kuiona namba ya kijana ikiita katika simu na kuiacha iite. Mwisho wazee wa pande mbili wanakutana, inatolewa nauli na fedha kidogo ya kuanzia maisha, watu wanapeana mikono, na kijana anarudi kijijini kwao. Hiyo ndiyo inayoitwa kumalizana.

Katika habari hiyo hakuna aliyedhulumu kwa kukusudia. Mwenye karakana ametoa alichokuwa nacho mpaka kikaisha. Tatizo ni kwamba wema wake una kikomo, ilhali vidole vilivyokatika havina siku ya kurudi. Fedha ya miezi miwili na nauli haiwezi kulingana na hasara ya mtu wa miaka 26 ambaye mkono wake ulikuwa ndio mtaji wake. Upande wa pili, mwenye karakana naye ameumia: amekula akiba, amekopa, na biashara aliyoijenga kwa miaka mingi imetikisika kwa ajali ya dakika moja. Watu husema ajali haina kinga. Ni kweli, lakini hasara itokanayo na ajali inaweza kubebwa na wengi badala ya kumwangukia mmoja, na hiyo ndiyo kazi ya Mfuko.

Mfuko ni nini

Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi uliundwa kwa Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi, Namba 20 ya mwaka 2008, na ulianza kazi tarehe 1 Julai 2015. Malipo ya mafao yalianza mwaka mmoja baadaye, tarehe 1 Julai 2016. Sheria hiyo inawahusu waajiri wote wa Tanzania Bara, wa sekta ya umma na wa sekta binafsi, wakubwa kwa wadogo.

Msingi wake ni rahisi kueleweka kwa yeyote aliyewahi kuwa katika kikundi cha kufa na kuzikana. Waajiri wote wanachanga kidogo kila mwezi. Mfanyakazi wa mmoja wao akiumia, akiugua au akifariki kwa sababu ya kazi, malipo hutoka katika chungu cha pamoja. Mwenye karakana hatakiwi kuuza mashine yake ili amtibu fundi wake, wala fundi hatakiwi kusubiri huruma ya mtu.

Msingi wa pili ni kwamba fidia haisubiri kwanza ijulikane nani alikuwa na kosa. Fikra hiyo ina umri mrefu. Ujerumani iliiweka katika sheria yake ya bima ya ajali kazini ya mwaka 1884, baada ya kuonekana kwamba mfanyakazi aliyeumia hakuwa na uwezo wa kushindana mahakamani na mwenye kiwanda, na hata aliposhinda, kesi ilikuwa imechukua miaka. Kwa hiyo mfanyakazi aliyeteleza kwa bahati mbaya, au aliyechoka akakosea, bado ni mtu aliyeumia kazini. Jambo linaloweza kumharibia haki ni utovu wa nidhamu mkubwa na wa makusudi, kwa mfano kuchezea mashine huku akijua hatari yake. Kukosea kwa kawaida kwa binadamu hakumfanyi apoteze haki.

Inafaa pia kutofautisha Mfuko huu na mingine, kwa kuwa yapo makosa yanayosikika mara kwa mara. Mwenye biashara husema, "Wafanyakazi wameshaandikishwa NSSF, inatosha." Mfuko wa Taifa wa Hifadhi ya Jamii ni kitu kingine: huo unahusu uzee, uzazi na mambo mengine ya maisha ya mwanachama, na mfanyakazi mwenyewe huchangia sehemu yake. Mwingine husema, "Wana bima ya afya." Bima ya afya hulipia matibabu. Haimlipi mtu ujira wa miezi ambayo hakuweza kufanya kazi, wala haiwalipi watoto wake akifariki. Wa tatu husema ana bima ya kampuni binafsi. Bima hiyo ni nyongeza njema, lakini haiondoi wajibu wa kujisajili WCF.

Gharama yake

Jambo linalowatisha wengi ni gharama, na wengi wanaotishika hawajawahi kuipigia hesabu. Mfuko ulipoanza, mwajiri wa sekta binafsi alichangia asilimia 1 ya jumla ya mishahara ya wafanyakazi wake, wakati sekta ya umma ilichangia asilimia 0.5. Mwaka 2021 kiwango cha sekta binafsi kilishushwa hadi asilimia 0.6, na mwaka 2022 kikashushwa tena hadi asilimia 0.5, kikawa sawa na cha sekta ya umma.

Asilimia 0.5 maana yake ni kwamba kwa kila shilingi milioni moja ya mishahara, mchango ni shilingi 5,000. Chukulieni karakana ile ya vijana watatu. Fundi analipwa shilingi 400,000 kwa mwezi, msaidizi wake shilingi 320,000, na kijana anayejifunza shilingi 280,000. Jumla ni shilingi 1,000,000. Mchango wa karakana nzima ni shilingi 5,000 kwa mwezi, yaani shilingi 60,000 kwa mwaka.

Sasa itazameni ajali ile ile ya vidole kwa hesabu hiyo. Mfanyakazi aliyeumia na kushindwa kufanya kazi kwa muda hulipwa asilimia 70 ya mshahara wake wa mwezi. Kwa fundi wa shilingi 400,000, hiyo ni shilingi 280,000 kila mwezi, na malipo hayo yanaweza kuendelea kwa muda usiozidi miezi 24. Akikaa nje ya kazi kwa miezi sita, jumla ni shilingi 1,680,000. Kwa mchango wa shilingi 60,000 kwa mwaka, karakana hiyo ingehitaji miaka 28 kuchanga kiasi hicho, na bado gharama ya matibabu haijaguswa.

Mchango huo ni wa mwajiri peke yake. Sheria hairuhusu hata senti moja ya mchango huo kukatwa katika mshahara wa mfanyakazi. Mfanyakazi akiona katika malipo yake makato yaliyoandikwa "fidia", ajue kwamba hayo si halali, na anaweza kumwona Afisa Kazi.

Mafao yenyewe

Mafao yatolewayo ni ya aina saba, na kila mwajiri na mfanyakazi anapaswa kuyajua.

La kwanza ni huduma ya matibabu kwa aliyeumia au kuugua kutokana na kazi. La pili ni malipo ya ulemavu wa muda, ambayo ndiyo yaliyotolewa mfano hapo juu. La tatu ni malipo ya ulemavu wa kudumu. Hapa daktari hupima kiwango cha ulemavu kwa asilimia. Kikiwa hakizidi asilimia 30, mfanyakazi hulipwa kwa mkupuo. Kikizidi hapo, hulipwa pensheni ya kila mwezi. La nne ni malipo kwa ajili ya mtu anayemhudumia mgonjwa ambaye hawezi tena kujihudumia mwenyewe, kwa mfano aliyevunjika uti wa mgongo kwa kuanguka kutoka kwenye jukwaa la ujenzi. La tano ni huduma za utengamao, yaani kumsaidia aliyeumia arudi katika maisha na katika kazi, pamoja na viungo bandia kwa anayevihitaji. La sita ni msaada wa mazishi. La saba ni malipo kwa wategemezi wa marehemu, hasa mjane au mgane na watoto.

Hilo la saba linastahili kusikilizwa kwa makini na akina mama. Mume akifariki kwa ajali ya kazini, mara nyingi mwajiri huleta sanduku, gari la kusafirisha msiba, mchele na unga, na watu humshukuru. Ni jambo jema. Lakini matanga yakiisha, watoto bado wana shule, na kodi ya nyumba bado ipo. Mjane ana haki ya kuuliza kama marehemu alikuwa ameandikishwa, na kudai malipo kwa jina lake na la watoto. Kuuliza hivyo si kumkosea adabu mwajiri.

Fidia haihusu ajali pekee. Yapo magonjwa yanayosababishwa na kazi ambayo huja polepole: kifua cha mtu aliyevuta vumbi la mawe kwa miaka, masikio ya aliyefanya kazi kando ya mashine yenye kelele kubwa, ngozi ya anayeshika kemikali bila kinga. Ajali pia inaweza kutokea nje ya karakana. Kijana aliyetumwa na mwajiri kufuata mbao, akagongwa njiani, alikuwa kazini.

Namna ya kujisajili

Mwajiri mpya anatakiwa kujisajili mara aanzapo kuajiri. Yule aliyechelewa miaka mingi asijifiche kwa kuona aibu, kwa maana kila mwezi unaopita unaongeza deni la michango na riba juu yake. Kutojisajili ni kosa la jinai, na adhabu yake inaweza kufikia faini ya shilingi milioni 50, au kifungo cha miaka mitano, au vyote viwili. Hata hivyo, sababu kubwa ya kujisajili isiwe hofu ya adhabu. Iwe ni yule fundi wa mashine ya kuranda.

Usajili hufanyika kwa njia ya mtandao katika mfumo wa Mfuko, au kwa kufika katika ofisi ya Mfuko iliyo karibu. Kabla ya kuanza, mwenye biashara aandae mambo haya. Kwanza, namba ya utambulisho wa mlipa kodi, yaani TIN, itolewayo na Mamlaka ya Mapato. Pili, taarifa za biashara: jina lake kama lilivyosajiliwa, mahali ilipo, aina ya shughuli, na leseni ya biashara. Tatu, orodha ya wafanyakazi wote: jina kamili la kila mmoja, tarehe ya kuzaliwa, namba ya kitambulisho cha taifa, kazi aifanyayo, tarehe aliyoanza, na mshahara wake.

Orodha hiyo ndiyo inayowashinda wengi, kwa sababu mwenye biashara ndogo huweka kila kitu kichwani. Dawa yake ni daftari. Daftari moja la kurasa 100, lenye jina la kila mfanyakazi, siku alizofanya kazi, alicholipwa na sahihi yake, linaweza kuokoa familia nzima siku ya msiba. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, Namba 6 ya mwaka 2004, tayari inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi maelezo ya ajira yake kwa maandishi. Mwenye kutimiza hilo amekwisha kutimiza sehemu kubwa ya maandalizi ya usajili wa Mfuko.

Baada ya usajili, mwajiri hulipa mchango kila mwezi kwa kutumia namba ya kumbukumbu ya malipo anayoipata katika mfumo. Malipo hufanyika benki au kwa simu. Jambo hili lizingatiwe na wote: halmashauri haipokei mchango wa WCF, wala Mtendaji wa Kata, wala mtumishi mwingine yeyote wa kata. Mtu akipita dukani akidai kukusanya fedha hizo mkononi, asipewe, na taarifa zake zifikishwe ofisi ya kata siku hiyo hiyo. Kazi ya halmashauri ni kuelekeza. Asiyejua pa kuanzia, au asiyeweza kutumia mtandao, afike kwa Afisa Biashara au Afisa Maendeleo ya Jamii aonyeshwe njia.

Makosa yanayoumiza

Yapo makosa matatu ambayo wenye biashara huyafanya hata baada ya kujisajili.

Kosa la kwanza ni kuandika mshahara mdogo kuliko ule unaolipwa. Mwenye karakana anayemlipa fundi shilingi 400,000 anaandika shilingi 200,000, ili apunguze mchango. Anachookoa ni shilingi 1,000 kwa mwezi. Fundi akiumia, asilimia 70 inahesabiwa katika shilingi 200,000, na badala ya shilingi 280,000 anapata shilingi 140,000 kwa mwezi. Kwa shilingi elfu moja, mwajiri amemnyang'anya mwenzake shilingi laki moja na elfu arobaini kila mwezi, tena wakati ambao hawezi hata kufunga kifungo cha shati.

Kosa la pili ni kuwaacha ndugu na vibarua nje ya orodha. "Huyu ni mpwa, anakaa nyumbani, anakula mezani." Mpwa anayelipwa kwa kazi ni mfanyakazi. Msumeno haumjui mpwa wala mgeni. Vivyo hivyo kwa kibarua anayelipwa kwa siku: kulipwa kila jioni hakumwondolei hadhi ya kuwa mfanyakazi wa yule aliyemwita kazini. Mahali ambapo mapatano yana utata, kama vile ya mwenye pikipiki na dereva anayempelekea hesabu ya kila siku, ushauri wa Afisa Kazi utafutwe mapema, kabla ajali haijawalazimisha kuutafuta.

Kosa la tatu ni ukimya baada ya ajali. Mwajiri huona kwamba akitoa taarifa atajiletea ukaguzi, au ataonekana mzembe, hivyo humwomba mfanyakazi aseme kwamba aliumia nyumbani. Mfanyakazi anayekubali, pengine kwa heshima, pengine kwa kuogopa kufukuzwa, ameifuta haki yake kwa mdomo wake mwenyewe. Uongo huo ukishaandikwa katika kadi ya hospitali, ni vigumu kuufuta.

Siku ya ajali

Ajali ikitokea, la kwanza ni uhai. Mwajiri ndiye mwenye jukumu la kumfikisha mfanyakazi mahali pa matibabu bila kuchelewa. Daktari au muuguzi aelezwe wazi kwamba mgonjwa ameumia kazini, na aelezwe namna alivyoumia, ili maneno hayo yaingie katika kumbukumbu. Ikiwa ni ajali ya barabarani, taarifa ipelekwe polisi na fomu ya PF3 ichukuliwe.

La pili ni taarifa. Mfanyakazi, au ndugu yake ikiwa hawezi, amjulishe mwajiri mara moja. Mwajiri naye anatakiwa kuujulisha Mfuko ndani ya siku 7 tangu alipopata habari ya ajali. Majina ya waliokuwapo yaandikwe siku hiyo hiyo, kabla watu hawajatawanyika na kumbukumbu hazijafifia.

La tatu ni kutunza karatasi. Stakabadhi za hospitali, ripoti ya daktari, kumbukumbu za mshahara, nakala ya kitambulisho, na kwa marehemu cheti cha kifo, cheti cha ndoa na vyeti vya kuzaliwa vya watoto: yote hayo yawekwe katika bahasha moja. Madai hayapaswi kuchelewa kupita miezi 12 tangu ajali ilipotokea. Mfanyakazi au mtegemezi asiyeridhika na uamuzi anayo haki ya kuupinga, akianza kwa kuuandikia Mfuko wenyewe na kueleza sababu zake.

Habari ya mwenye biashara mwenyewe

Lipo swali la haki ambalo wenye biashara huliuliza: "Huyu mwenye karakana naye anashika mashine ile ile. Je, akikatika vidole yeye?" Jibu ni kwamba Mfuko huu ni wa wafanyakazi. Mtu anayejifanyia kazi mwenyewe, asiyeajiriwa na yeyote, si mfanyakazi kwa maana ya sheria hii, na mchango anaowalipia vijana wake haumfuniki yeye. Asijidanganye kwamba yumo. Kwa upande wake ajiandae kwa njia nyingine: NSSF hupokea uanachama wa hiari wa watu waliojiajiri, ipo bima ya afya, na makampuni ya bima huuza bima ya ajali kwa mtu binafsi. Ni vyema apange mambo hayo mawili pamoja, la vijana wake na la kwake mwenyewe, kwa kuwa mashine haichagui.

Kuzuia ndilo la kwanza

Mwisho, fidia ni jambo la pili. La kwanza ni mtu asiumie. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi, Namba 5 ya mwaka 2003, inamtaka mwajiri asajili mahali pa kazi kwa Wakala wa Usalama na Afya, yaani OSHA, na kuweka mazingira salama. Kifuniko cha mashine ya kuranda kilichofunguliwa "ili kazi iende haraka" kirudishwe mahali pake leo. Mkanda wa mashine ya kusaga uwekewe uzio. Jukwaa la mafundi lifungwe kwa mbao nzima. Jikoni mwa mgahawa, njia ya kupitisha sufuria ya maji ya moto iachwe wazi. Karibu yote hayo yanahitaji uangalifu kuliko fedha.

Ndugu wananchi, mwenye karakana wa mfano ule alikuwa mtu mwema, na wema wake haukutosha. Laiti angekuwa amechanga shilingi 5,000 kila mwezi na kuandika majina matatu katika orodha, kijana asingepanda basi la kurudi kijijini akiwa na nauli tu mfukoni, na yeye mwenyewe asingekuwa anaiogopa simu yake. Basi kila mwenye biashara katika kata hii, arudipo nyumbani leo, achukue daftari na kuandika majina ya watu wanaomfanyia kazi, kila jina na mshahara wake wa kweli. Na kila mfanyakazi amwulize mwajiri wake, kwa heshima na bila hofu, kama jina lake limo.